Kila Mtu na Ndege Wake

Kwa muda ambao mpaka leo hatujaweza kuupima, chama chetu cha ndege kiliandika korongo ambao hawakuwapo. Kila Jumamosi, jua likishazama, tulikusanyika sebuleni kwa mwenyekiti wetu huku Gesima, tukapewa chai na ndizi za kuchemsha, na kila mtu akataja ndege aliowaona mchana. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliweka kikombe chini na kusema, "Korongo, wawili, wazima." Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo niliandika wawili. Baadaye akaanza kusema wawili na makinda wawili. Tukapiga makofi, nikaandika na hao.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mwalimu alikuwa mtu wa mwisho ambaye ungemdhania hivyo. Mama huyu alikuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wa zamani, hata waliokwisha kuota mvi, bado walichomekea mashati wakimwona mbele yao barabarani. Kosa lilitokana na utaratibu wetu, utaratibu tuliojivunia sana, na ambao sidhani watu wa mahali pengine wangeubuni.

Chama kilianza kama matembezi ya Sabato. Gesima ina Wasabato wengi, na Jumamosi alasiri, baada ya ibada na chakula kilichopikwa tangu Ijumaa, ni kawaida familia kutoka pamoja kutembea kati ya mashamba ya chai na kutazama kazi ya Mungu. Mwalimu alipostaafu aliona kwamba watu wanatembea wakizungumzia bei ya majani chai na nani anamwoza binti yake, huku kazi yenyewe ya Mungu ikiruka juu ya vichwa vyao bila kuangaliwa. Akaanza kuwasimamisha. "Huyo ni nani?" aliuliza, akielekeza fimbo yake juu ya mti, kama anavyoulizwa mtoto aliyechelewa shule. Mwaka haukuisha kabla matembezi hayajawa chama, chenye darubini mbili za mitumba na wanachama wasiokuwa Wasabato pia.

Darubini hizo zililetwa na mfanyabiashara mmoja Mkatoliki wa Mosocho, mwenye kibanda cha makoti ya mitumba pale soko la Daraja Mbili. Alizikuta mifukoni mwa koti zito la wanaume, akatafuta mtu wa kumuuzia, akaelekezwa kwa Mwalimu, na badala ya kuuza akajiunga. Ni yeye aliyeanzisha ule mjadala wa kuandika.

Tulikuwa tumesimama kwenye mteremko, ndege wamejaa kila upande, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Mzee wa kanisa, mtu mrefu mkali aliyekuwa akitembea nasi ili kuhakikisha tunarudi tukiwa bado Wasabato, alikuwa ameshatoa uamuzi. Kutazama ndege si kazi. Kuhesabu kwa macho pia si kazi. Kuandika ni kazi.

"Basi niandike mimi," alisema yule wa Mosocho. "Sabato yangu ni kesho."

"Amri ya nne inamfunga hata mgeni aliyeingia kwako," mzee akajibu.

"Kwetu hiyo ni ya tatu, mzee."

"Hata amri kumi zimewashinda kuhesabu, halafu tuwakabidhi ndege?"

Tulicheka mpaka yangeyange waliokuwa nyuma ya ng'ombe wakaruka. Yule wa Mosocho alicheka kuliko sisi sote. Mwalimu alingoja tumalize, ndipo akatoa suluhisho ambalo liligeuka kuwa sheria yetu. Kila mtu angepewa aina moja ya ndege, aibebe kichwani, asihangaishwe na nyingine. Jua likizama, Sabato imeisha, tungekutana kwake na kila mtu angeutua mzigo wake, nami ningeandika.

Aligawa ndege mwenyewe, na hakuna aliyejichagulia. Mzee wa kanisa alipewa mwewe kwa sababu ya jicho lake. Yule wa Mosocho alipewa dudumizi, ndege anayelia sana mvua ikikaribia, "kwa sababu wote wawili hamjui kunyamaza." Mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nikisoma habari katika redio moja mjini Kisii, nilipewa yangeyange. "Anasimama nyuma ya ng'ombe," alisema, "akingoja kitakachoruka. Si ndiyo kazi yenu?" Majina hayo yalishika. Katika chama tukawa tunaitana kwa ndege wetu, na hata sasa yule wa Mosocho kwangu ni Dudumizi tu.

Hapo ikazaliwa adabu ambayo hakuna aliyeipigia kura. Hukuhesabu ndege wa mwenzako. Ukimwona unaweza kumfurahia, lakini hesabu ni ya mwenyewe. Wakati mmoja nilimwambia Dudumizi kwamba nimesikia dudumizi wengine huko bondeni ambao hakuwataja. Akasimama, akanikodolea macho mbele ya watu wote.

"Nani amekutuma kwa ndege wangu? Mimi nimewahi kuuliza yangeyange wako wanalala wapi?"

Ilikuwa mzaha, lakini ilikuwa mzaha wenye mipaka ya kweli ndani yake, kama mipaka ya mashamba. Huku kwetu ardhi imegawanywa vipande vidogo mno, na kila mtu anajua ni kichaka gani kinachomtenga na jirani. Nadhani tuligawa ndege vilevile, bila hata kufikiri.

Korongo taji Mwalimu alijiwekea mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu. Ni ndege mrefu wa kijivu, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani na kipande chekundu kinachoning'inia chini ya kidevu, na huishi penye kinamasi kwa sababu hujenga chini, juu ya matete yaliyolazwa. Chini ya mteremko wetu palikuwa na kinamasi cha namna hiyo, kikubwa, na jozi moja ya korongo iliyokuwa ikionekana hapo tangu Mwalimu alipoolewa katika kijiji kile. Alikuwa akisema korongo wale walimkaribisha Gesima kabla ya mama mkwe.

Kwa hiyo mihadhara yake yote ilianzia kwao. Alialikwa shuleni, katika mikutano ya vijana wa kanisa, mara nyingine hata kwenye kumbi za mjini Kisii mbele ya watu wa ofisi. Vijijini alizungumza Kigusii, mjini Kiswahili safi cha darasani. Hakuhitaji picha. Alikunja shingo, akanyanyua mikono, akaruka ile ngoma ya korongo akiwa amevaa viatu vya kanisani, mguu mmoja, kisha mwingine, akainamisha kichwa kumsalimu korongo wa pili ambaye hakuwapo lakini ambaye sote tulimwona. Kisha alisimama, akapanga kitambaa chake, akawageukia wanaume.

"Na huyu bwana hana mke wa pili. Mmesikia huko nyuma?"

"Tumesikia, Mwalimu," wanaume walijibu, na wake zao wakapiga makofi.

Kinamasi kiliondoka polepole, mbele ya macho yetu. Kwanza walikuja wachimbaji wa udongo wa matofali upande wa chini, wakaacha mashimo na tanuri. Halafu wenye ng'ombe wakapanda kando nepia, yale majani marefu ya kulishia mifugo. Halafu watu wakaanza kupanda mikaratusi, ile miti tunayoiita blugam, kwa sababu nguzo na kuni zina soko, na kwa sababu blugam hunywa maji na shamba lililokuwa tope linakuwa shamba. Siwezi kuwalaumu. Mtu mwenye watoto na kipande cha ardhi kisichotosha kupanda mahindi hawezi kuacha robo yake iwe ya vyura.

Ua uliongezeka juu ya ua, na njia ya kushukia ikabaki moja, iliyopita katika shamba la jamaa wa mume wa Mwalimu. Wengine tulizoea kubaki juu, kila mtu akienda upande wa ndege wake. Dudumizi alifuata vichaka, mimi nilifuata ng'ombe. Mwalimu alishuka peke yake na fimbo yake mpaka ukingoni, akakaa huko, akapanda taratibu. Ilikuwa heshima kumwacha peke yake na korongo wake. Jioni alisema wawili, wazima.

Dalili zilikuwapo, na sasa ni rahisi kuzipanga. Katika shule moja ya sekondari alisimulia hadithi ya mama mkwe, akaendelea kidogo, akaisimulia tena kwa maneno yaleyale. Wanafunzi walicheka zaidi mara ya pili, wakidhani ni ufundi. Aliniita jina la dada yangu mkubwa aliyemfundisha zamani, lakini walimu wote huchanganya ndugu. Mumewe, mzee mpole aliyekuwa fundi seremala, alianza kutuandalia chai mwenyewe na kutuzuia kuingia jikoni. Sisi tulimtania.

"Omogaka, mzee wetu, siku hizi umeolewa?"

"Nimeolewa tangu zamani," alisema, "ni nyinyi tu hamkuwa mmejua." Akamimina chai, akaonja kikombe cha kwanza kabla ya kutupatia.

Nilidhani ni tabia ya uzee, ile ya kuonja.

Kisha Mwalimu akatangaza makinda. Furaha yake jioni ile sijaisahau. Alisema wana rangi ya kahawia, wadogo, wanamfuata mama yao kati ya matete. Tulisimama tukapiga makofi na mzee wa kanisa akaomba sala ya shukrani. Taarifa zetu za kila mwezi nilikuwa nikizituma kwa watu wa Nairobi wanaofuatilia korongo, na safari hii jibu lilikuja haraka. Makinda wa korongo taji katika nyanda zetu, ambazo zimejaa watu hivi, walikuwa habari kubwa. Wangemtuma mtaalamu wao, mwanamke, aje awaone.

Tulimwomba aje Jumapili. Dudumizi aliikosa misa kwa ajili yake. "Nimemwambia padri korongo wamezaa," alitueleza. "Amesema nimpelekee sadaka ya shukrani, na isiwe ndege."

Mwalimu alikuwa amevaa gauni la mikutano na kofia yake nyeupe. Mumewe alisema ana homa, hawezi kutembea, ingawa asubuhi ile nilimwona akipasua kuni. Tulishuka sote, mgeni katikati, kwa ile njia ambayo wengi wetu hatukuikanyaga kwa muda mrefu. Chini palikuwa pakavu. Palipokuwa na maji palikuwa na blugam, zimepandwa kwa mistari, zimetupita urefu. Pembeni palikuwa na nepia, na kati yake mfereji mwembamba uliobaki na maji ya kijani ambamo hata chura hakulia.

Mwalimu alitembea mpaka kwenye jiwe lake la kukalia. Aliinua fimbo.

"Wale pale," alisema kwa sauti ya chini, ili asiwashtue. "Mama yuko mbele. Baba anaangalia huku, ametuona."

Fimbo ilielekea kati ya miti miwili. Hakukuwa na kitu isipokuwa magome na majani makavu.

Mgeni aliinua darubini yake. Namshukuru mpaka leo kwa muda aliotumia kutazama. Alitazama kama mtu anayetazama kitu. Kisha, bila kuishusha, akauliza, "Makinda wanakula nini, Mwalimu?"

"Panzi. Na minyoo hapo tope lilipo laini."

"Wazazi wanawalisha?"

"Wanawaonyesha tu. Wanajiokotea wenyewe."

Kila jibu lilikuwa sahihi. Mgeni alitikisa kichwa kukubali kila moja. Hapo mama mmoja aliyekuwa akikata nepia upande wa pili wa mfereji akajinyoosha, akatusalimu, akauliza kwa Kigusii tunatafuta nini. Mmoja wetu akamwambia korongo.

"Wale?" mama alisema, akicheka kwa mshangao. "Si waliondoka hii miti ikiwa hapa?" Akagusa goti lake.

Alisema kwa sauti ya kawaida, hakuwa na nia mbaya, na akainama tena kukata. Mwalimu alimsikia. Fimbo ilishuka kidogo kidogo mpaka ikagusa ardhi. Alitutazama usoni, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitazama darasa lililokosa jibu, lakini safari hii ni yeye aliyekuwa akiomba.

"Nyinyi hamwaoni?"

Dudumizi, asiyenyamaza, alikuwa akiangalia viatu vyake. Aliyejibu ni mzee wa kanisa, yule aliyetukataza hata kuchukua kalamu siku ya Sabato.

"Jua linatupiga machoni, Mwalimu," alisema.

Jua lilikuwa nyuma yetu.

Mgeni alikunywa chai, akamshukuru Mwalimu kwa heshima zote, na kabla ya kuondoka akanivuta kando. Hakulaumu. Aliuliza tu hesabu zipi za korongo anaweza kuzitegemea na zipi azitoe, kwa sababu huko kwao walikuwa wamezitumia. Nilimwahidi tungemjibu.

Tulikutana bila Mwalimu, katikati ya wiki, ndani ya kibanda cha Dudumizi pale Daraja Mbili, makoti yakining'inia pande zote na kelele za wauza ndizi nje. Tulikuwa watatu, Dudumizi, mzee wa kanisa na mimi. Swali lilikuwa ni lini. Mama wa nepia alisema goti. Lakini blugam hukua haraka, na kila shamba na kasi yake. Mzee alikadiria mwaka mmoja na kidogo, Dudumizi alisema karibu mitatu, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake. Hatukuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Katika miaka yote ile hapakuwa na mwanachama hata mmoja aliyemhesabia Mwalimu korongo wake. Tulikuwa na adabu nyingi mno.

"Tufute zote," Dudumizi alisema. "Tuanze upya."

"Ukifuta zote umemwita mwongo tangu mwanzo," mzee akasema. "Wale wa kwanza tuliwaona. Mimi niliwaona kwa macho haya."

"Na tusipofuta, waongo ni sisi."

Hapo koti moja refu likasogea na mume wa Mwalimu akaingia. Hatukuwa tumemwalika, na sijui nani alimwambia. Alikataa kiti.

"Mnazungumzia mke wangu," alisema. Haikuwa hasira. "Zungumzeni nami nikiwapo."

Dudumizi alimweleza, kwa upole ambao sikujua anao. Mume wa Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia alichokuwa akikificha: chai ya chumvi, jiko lililoachwa likiwaka, kile chakula cha Sabato kinachopikwa mara mbili kwa sababu mkewe amesahau kwamba amepika. Alikwisha kumpeleka hospitali. Daktari alimpa jina la ugonjwa na kumwambia hautarudi nyuma.

"Lakini Ijumaa ni siku yake," alisema. "Ijumaa anajua. Anapaka viatu rangi. Ananiuliza, kesho ni Sabato? Nasema ndiyo. Anasema, basi kesho naenda kwa korongo wangu. Siku nyingine zote ananiuliza tuko kwa nani." Akasogeza koti lililomgusa bega. "Nimesikia mnataka kumpa shorewanda badala ya korongo, kwa kuwa shorewanda wako kila mahali, hawezi kukosea."

Ni kweli, mzee wa kanisa alikuwa ameligusia wazo hilo kwa mtu.

"Msimpe. Mkimpa shorewanda atajua kwamba mmejua. Hilo hatalisahau."

Mzee wa kanisa alivua kofia. Dudumizi aliondoka akasimama mlangoni akiwatazama wanunuzi wasiokuwapo.

Tulikubaliana Mwalimu abaki na korongo. Jioni angesema anachosema, na hakuna ambaye angempinga. Lakini Dudumizi angeshuka nyuma yake, mbali kidogo, atazame kwa macho yake, na mimi ningeandika alichoona yeye. Hesabu za nyuma tuliziwekea alama ya shaka zote, za kweli na zisizo za kweli, kwa kuwa hatukujua mstari upite wapi. Nilimwandikia mgeni hivyo. Alijibu kwamba anaelewa, na kwamba katika taarifa zao Gesima itaondolewa mpaka uhakika upatikane.

Basi tukaendelea. Jua likazama, chai ikamiminwa na mume wa Mwalimu, kila mtu akatua ndege wake. Mwalimu akasema, "Korongo, wawili, na makinda wawili, wazima." Nikainamisha kichwa, nikasogeza kalamu. Dudumizi, upande wa pili wa chumba, alitikisa kichwa kidogo tu, na nikaandika hakuna. Makinda wa korongo hukua na kuondoka kwa wazazi wao, lakini wa Mwalimu hawakukua. Misimu ya mvua ilipita, na bado walikuwa wawili, wa kahawia, wanamfuata mama.

Mihadhara aliacha. Ule wa mwisho alikuwa amealikwa katika shule ileile ya msingi aliyoiongoza, na ilipokuwa wazi kwamba hawezi, Dudumizi alisimama mahali pake. Mwalimu aliketi mstari wa mbele na mumewe. Dudumizi alisimulia vizuri, watoto wakacheka, kisha akajaribu ile ngoma. Alikuwa mnene, na koti lake la mitumba lilimbana kwapani. Aliruka mara ya kwanza, watoto wakapiga kelele za furaha.

"Mguu wa kushoto kwanza," Mwalimu alisema kwa sauti iliyojaa ukumbi.

Dudumizi alisimama. Akaanza upya na mguu wa kushoto. Mwalimu alimfuatisha kwa kidole chake juu ya goti mpaka mwisho, na alipomaliza akampigia makofi, kisha akamgeukia mumewe akamuuliza yule kijana ni mwana wa nani.

Jambo ninalotaka kumalizia nalo lilitokea masika haya, mvua zilipokuwa kubwa kuliko kawaida na mfereji ule ukafurika mpaka kati ya blugam. Mwenye shamba alikuwa amekata baadhi ya miti kwa ajili ya nguzo, na pakabaki uwazi wenye maji. Dudumizi alikuwa na mazishi Mosocho, kwa hiyo nilishuka mimi na Mwalimu. Siku hizo alitembea akiwa amenishika mkono. Tulifika kwenye jiwe, nikamketisha, na ndipo tulipogundua kwamba fimbo imebaki juu kwenye ua. Alitaka fimbo yake. Niliipandia haraka. Ua ule uko nyuma ya nepia, na ukiwa hapo huoni chini.

Niliporudi alikuwa amesimama, mkono mmoja umeinuliwa kunizuia nisikanyage kwa kelele. Alikuwa akitazama juu ya miti, si kati yake.

"Wameshuka," alisema. "Wamekunywa. Wamekwenda."

"Wangapi, Mwalimu?"

"Wawili."

Nilingoja aseme hayo mengine, kama alivyosema kila wiki. Macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa yamenitambua, nina hakika na hilo, kwa sababu aliniita Yangeyange, jina ambalo halikutoka kinywani mwake kwa miezi.

"Makinda hawapo," alisema. "Nimetazama kila mahali. Nadhani walikufa."

Hakuwa amewahi kusema hivyo hata mara moja.

Nilitazama angani mpaka shingo ikauma. Nilimfuata mama wa nepia nyumbani kwake, kwa kuwa naye ni Mkatoliki na Jumamosi hiyo alikuwa shambani. Alisema alisikia sauti, kama honi, mara mbili, akadhani ni bodaboda barabarani, hakuinua kichwa. Kulipopambazuka Jumapili nilirudi kutafuta nyayo kwenye tope, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yamefunika ukingo wote. Mwalimu mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya kushuka.

Dudumizi anasema niandike wawili, kwa sababu mtu hawezi kuota vifo vya makinda aliowabeba kichwani muda wote huo bila kitu kumwamsha. Mzee wa kanisa anasema nisiandike, kwa sababu aliyeona ni mmoja. Jozi ya korongo inaweza kurudi mahali maji yanaporudi, mgeni wa Nairobi ameniambia hivyo kwa simu. Ameniambia pia kwamba bila shahidi wa pili hawezi kuirudisha Gesima. Tumeshuka kila Sabato tangu siku ile, sote, hata wasiokuwa na kazi huko chini, na hatujaona kitu. Mwenye shamba ameshapanda miche mingine kwenye ule uwazi. Taarifa ya mwezi ule imepita muda wake wa kutumwa. Mbele ya neno korongo sijaandika wawili, wala sijaandika hakuna.